Rangi Milioni 16, Neno Hata Moja

Kompyuta za siku hizi zinaweza kuwaka kwa rangi zaidi ya milioni 16. Sijatia chumvi, ni hesabu ya shule ya msingi: nyekundu ina ngazi 256, kijani 256, bluu 256, zidisha zote utapata 16,777,216. Rangi hizo zimewekwa kwenye feni, zimewekwa juu ya RAM, zimewekwa ukingoni mwa mazabodi, na kasha lenyewe ubavu mmoja ni kioo ili mgeni akipita sebuleni ashangae. Lakini mashine hiyo hiyo ikigoma kuamka, na rangi zake zote hizo, haina namna ya kukwambia, "Mzee, naumwa hapa."

Tunayo moja nyumbani. Ni ya mpwa wangu, kijana anayehariri video za harusi, na kwa maana ya fedha ni yangu. Laptopu yake ya mtumba ilikuwa ikichemka kiasi kwamba akianza kuunganisha picha za sendofu ya Jumamosi, tunafungua madirisha. Akaja na hoja yake ameshaipanga vizuri. "Shikamoo mjomba. Ukinunua iliyoungwa tayari unalipia jina. Tukiunga wenyewe, kwa hela ile ile tunapata mashine ya maana." Nikaitikia marahaba, nikaona neno "tukiunga" limekaa vizuri. Maana yake ilikuwa yeye anaunga, mimi nalipa.

Tukapanda mwendokasi hadi Kariakoo. Kijana alikuwa na orodha: prosesa ya Ryzen 5 5600, mazabodi yenye chipu ya B450, RAM vipande viwili, kadi ya grafiki iliyotumika, pawa saplai, kasha la kioo. Kasha la kioo nilihoji. Nikaambiwa ndilo lililopo. Muuzaji, kijana mchangamfu mwenye kalamu sikioni, alipoulizwa kama prosesa na mazabodi hizi zinaelewana, hakuacha hata sekunde ipite. "Bosi, zote AM4 hizo. Hazina shida." Na kweli, soketi ya AM4 ina matundu 1331 na prosesa ile ina pini 1331. Sina la kumshitakia. Alichosema chote kilikuwa kweli, na risiti yake ilikuwa kweli zaidi: MALI IKISHAUZWA HAIPOKELEWI, kwa herufi kubwa kuliko jina la duka.

Nasema haya mapema kwa sababu najua tabia yenu. Mtu akisikia kompyuta imeungwa nyumbani ikagoma, wazo lake la kwanza ni kwamba walioiunga wamekosea. Hawakukosea. Mimi nilishika tochi tangu mwanzo hadi mwisho na nilikuwa naangalia. Vile vinyayo vya shaba vinavyoizuia mazabodi isigusane na bati la kasha alivikagua kimoja kimoja. Waya mkubwa wa pini 24 aliubana mpaka kibano kikalia. Ule mdogo wa pini 8 unaokaa kule juu kwenye kona, karibu na prosesa, ambao mafundi wengi huusahau, hakuusahau. Kebo ya HDMI aliichomeka kwenye kadi ya grafiki, si nyuma ya mazabodi, kwa sababu prosesa ile haina grafiki yake ya ndani. RAM aliziweka kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kama kijitabu kilivyoagiza.

Akabonyeza swichi. Feni zikazunguka. Taa zikawaka, zambarau ikaingia kwenye bluu, bluu ikaingia kwenye kijani, sebule ikawa ukumbi wa harusi. Mke wangu akapiga vigelegele. Skrini ikakaa nyeusi, baadaye ikaandika kwamba haipokei mawimbi yoyote, ikalala.

Kuanzia hapo kila aliyeingia nyumba ile alisema sentensi moja: "Mbona inawaka?"

Niwaeleze, nisije nikaulizwa tena. Feni haihitaji akili. Feni inahitaji umeme, basi. Kompyuta ikipewa umeme, kabla haijaonyesha hata nukta moja kwenye skrini, kuna programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya mazabodi, inaitwa BIOS, inayofanya ukaguzi: prosesa yupo? RAM zipo? Kadi ya grafiki ipo? Ukaguzi ukikwama, kila kitu kinakwama, lakini feni zitaendelea kuzunguka na taa zitaendelea kubadilika mpaka yuniti ziishe kwenye mita. Kwa hiyo ndugu yangu, inawaka, naiona. Nina macho.

Kinachoniuma ni kwamba tatizo hili lilikwisha kutatuliwa zamani. Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981, ile ambayo nyingi za mezani zimerithi ukoo wake, ilikuwa na spika ndani. Ukaguzi ukienda salama, ilitoa mlio mmoja mfupi. Kukiwa na hitilafu upande wa picha, mlio mmoja mrefu na mifupi miwili. Fundi alikuwa anasikiliza tu, anajua pa kushika. Kampuni nyingine zilikuja na milio yao, haikufanana, ungehitaji karatasi ya kutafsiria, lakini walau mgonjwa alikuwa anasema. Mazabodi yetu bado ina pini nne za kuchomeka kile kispika. Kispika chenyewe hakimo kwenye boksi. Nililigeuza boksi juu chini nikalikung'uta. Kilichomo ni stika ya nembo ya kubandika kwenye kasha, na karatasi ya kunishukuru kwa kununua.

Najua zipo mazabodi zenye taa nne ndogo zilizoandikwa pembeni, prosesa, RAM, grafiki, diski, na inayobaki inawaka ndiyo penye tatizo. Zipo za gharama zaidi zenye kidirisha cha tarakimu mbili. Yetu ilikuwa ya bei ya mjomba. Na msidhani wanaonunua mpya kabisa wamepona. Hizi za RAM ya DDR5, ukiziwasha mara ya kwanza zinaweza kukaa dakika kadhaa skrini nyeusi tii, zinazipima RAM, na ni kawaida yake. Mtu wa watu amekwishalia, amekwishafungua kasha, amekwishampigia simu muuzaji na kumtolea maneno, kumbe mashine inafanya kazi yake. Ingeandika "subiri" tu.

Basi mashine ikinyamaza, watu ndio wanaongea.

Shemeji yangu, ambaye ofisini kwao ndiye anayeitwa printa ikikwama, alifika jioni, akaweka mikono kiunoni, akasema, "Ipigeni Windows upya." Mpwa akamwambia kwa adabu, "Shemeji, haijafika huko, haina picha kabisa." Akafikiri kidogo. "Basi itakuwa virusi." Mashine haijawahi kuona intaneti wala fleshi. Virusi vingekuja na mwendokasi.

Kijiweni kwenye kahawa nikashauriwa niizime niiwashe. Nikasema tumefanya. Nikaulizwa tumeizima kwa muda gani.

Jirani yetu anatengeneza redio na televisheni, fundi mzuri sana wa vitu hivyo, namheshimu. Alikuja na mashine yake ya kupulizia hewa ya moto bila kuitwa. Akaangalia, akanusa, ndiyo, alinusa, akatangaza kwamba pawa saplai imekufa na yeye anayo nyingine nyumbani ya kuniuzia. Mpwa wangu hakubishana. Alichomoa pawa saplai kwenye kila kitu, akachukua kibanio cha karatasi kutoka kwenye faili langu la risiti za shule, akakinyoosha, akaunganisha waya wa kijani na waya mweusi kwenye ile plagi ya pini 24, akaiwasha. Feni ya pawa saplai ikaanza kuzunguka. Kusema haki, hilo linathibitisha tu kwamba inawaka, haithibitishi kwamba inatoa volti 12 za kutosha mzigo ukiwa juu yake. Lakini jirani alifunga mfuko wake, na hilo lilinitosha.

Kisha kuna video za mafundi wa mtandaoni. Sina ugomvi na elimu. Nina ugomvi na mtu anayeanza kwa kunisalimu, ananieleza maisha yake, ananiomba nifuatilie ukurasa wake, ananionyesha kinywaji cha mdhamini wake, na bando langu linatembea. Dawa zenyewe zikifika, zote ni zile zile. Tulizifanya zote. Tulichomoa RAM tukasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, meno 288 kwa kila kipande, tukarudisha kipande kimoja kimoja. Tulichomoa betri ya saa, ile duara iliyoandikwa CR2032, tukaiacha nje muda wa chakula cha mchana ili mipangilio ijifute, tukairudisha, kisha tukaitilia shaka tukanunua nyingine kwa Mangi. Tulitoa mazabodi nje ya kasha tukailaza juu ya boksi lake la karatasi, prosesa, RAM kipande kimoja na kadi tu, tukaiwasha kwa kugusanisha pini mbili kwa bisibisi. Feni ikazunguka. Mmoja wa wale wataalamu wa ng'ambo alisisitiza tuvae kamba ya mkononi ya kuondoa umeme wa mwilini, kwa kuwa hewa yake kavu inazalisha cheche. Angekuja Dar es Salaam mwezi Februari, hapa mtu akisimama bila kufanya kitu anatoa jasho, cheche itoke wapi.

Wakati huo simu ya kijana ilikuwa inalia. Mama wa bibi harusi. "Mwanangu, ile video ya sendofu imefikia wapi?"

"Ipo mama, ipo kwenye kompyuta."

"Basi itoe."

Sijui kama kuna kazi yenye presha kuliko hiyo. Mteja wa harusi ameshalipa nusu, ameshawaahidi mashangazi wa Moshi kwamba wataona, na kundi la WhatsApp la kamati bado halijavunjwa.

Mwishoni tuliambiwa kuna fundi mmoja anakaa ghorofani, chumba kidogo, hana bango, hana mashine ya kupuliza. Tukampelekea. Mzee mtaratibu, miwani imefungwa kwa uzi. Hakuiwasha. Akageuza mazabodi, akasoma kikaratasi cha pembeni, akachukua boksi la prosesa akalisoma nalo, akavua miwani.

"Hawa hawajuani," akasema.

Nikamwambia muuzaji kasema zote ni AM4.

"Ni AM4. Kwenye tundu wanaingiana. Kwenye BIOS hawajuani."

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo lingeweza kuandikwa kwenye boksi kwa mstari mmoja. Mazabodi za B450 zilianza kutoka mwaka 2018. Prosesa yetu imetoka Aprili 2022. Mazabodi yetu ilikuwa imekaa stoo za watu tangu enzi zake, na BIOS iliyomo ndani ni ya siku ilipotoka kiwandani. Anapokuja prosesa ambaye hakuwepo duniani wakati ule, BIOS inamtazama, haimkuti kwenye orodha, inanyamaza. Na ujue hata kuruhusiwa kwenyewe kulikuwa kwa mbinde. Mei 2020 kampuni ya AMD ilitangaza kwamba prosesa za uzao wa Zen 3, uzao wa huyu wetu, hazitafanya kazi kwenye B450. Wateja wakapiga kelele, haikupita mwezi kampuni ikageuza msimamo. Sababu mojawapo iliyokuwa ikitajwa ni kwamba chipu ya BIOS kwenye mazabodi nyingi ina nafasi ndogo, megabaiti 16, haitoshi kubeba majina ya prosesa wote wa ukoo mzima. Megabaiti 16! Kijana wangu ana picha za keki zenye uzito kuliko huo. Rangi milioni 16 nafasi imepatikana, orodha ya majina imekosa.

"Basi tuisasishe hiyo BIOS," nikasema, nikijiona nimekuwa fundi.

"Ili uisasishe," mzee akasema, "lazima iwake."

"Na ili iwake?"

"Uisasishe."

Nilidhani ananitania. Hatanii. Zipo mazabodi zenye kitufe maalumu nyuma: unachomeka fleshi yenye faili, unabonyeza, BIOS inasasishwa hata kama hakuna prosesa juu yake. Yetu haina, kwa sababu ile ile ya bei. Isipokuwa na kitufe, unatafuta prosesa wa zamani ambaye mazabodi inamtambua, unamweka, inawaka, unasasisha, unamtoa, unamweka wako. Wenyewe AMD walilijua jambo hili. Mwaka 2018, lilipowapata watu walionunua prosesa mpya za wakati ule, kampuni ilifikia hatua ya kuwaazima wateja prosesa ndogo kwa posta, wakimaliza kusasisha wanairudisha. Fikiria kiwanda kinachotengeneza vitu vya kupimwa kwa nanomita kinaazimisha prosesa mtaani. Ila mimi sikuwa na haja ya posta. Mzee alivuta droo, na humo ndani kwenye sponji nyeusi walikuwa wamelala prosesa wa zamani kwa safu. Akamtoa Athlon mmoja, mdogo wa cheo, mwenye grafiki yake ya ndani.

"Huyu ndiye mshenga," akasema.

Na kweli alifanya kazi ya mshenga. Alitangulia, akapokelewa, mlango ukafunguliwa. Skrini iliwaka! Maandishi meupe, kijivu, mabaya, sijaona kitu kizuri hivyo mwaka ule. Mpwa alishapakua faili kutoka tovuti ya watengenezaji wa mazabodi, ameliweka kwenye fleshi iliyopigwa fomati ya FAT32. Mzee akafungua ukurasa wa kusasisha, mkono ukiwa juu ya kibodi, akanigeukia.

"Yuniti zipo?"

Chumba kikatulia. Maana ukishaanza kuandika BIOS mpya na umeme ukakatika katikati, ya zamani imefutika na mpya haijakamilika, na mazabodi kama yetu isiyo na akiba inabaki kuwa kipande cha kutundika ukutani. Kijana wake akatumwa mbio kwenye mita ya ngazini, akarudi na tarakimu. Zinatosha. Mzee hakuridhika, akachomeka kompyuta kwenye UPS, akaigonga ile UPS kwa kidole kusikia kama iko hai, akaamuru feni ya dari izimwe na mwenye cherehani chumba cha pili aombwe apumzike kidogo. Dada wa cherehani akaja kusimama mlangoni na sindano mdomoni. Tukaangalia ule mstari ukijaa. Asilimia 12. Asilimia 12. Asilimia 12 bado. Nikamwona mzee anasoma dua kwa midomo bila sauti, mtu aliyefanya kazi hii miaka yote. Asilimia 40. Ikamaliza, ikajizima, ikajiwasha, kwa nukta kadhaa haikuonyesha kitu na hakuna aliyepumua, kisha maandishi yakarudi.

Mshenga akatolewa, akapanguswa pesti ya kupitishia joto, akarudishwa kwenye droo. Ryzen yetu ikaingia. Ikatambuliwa kwa jina lake kamili.

Mzee akataja bei yake, elfu 20. Ningelipa mara tatu, sikumwambia. Video ya sendofu ilitoka usiku wa kuamkia Jumapili, mama wa bibi harusi akaipokea, akalalamika kwamba shangazi mmoja hakuonekana wakati wa kukata keki. Hilo si la BIOS.

Sasa naongea na wenye viwanda, najua hamsomi safu hii lakini nitasema. Punguzeni rangi. Nibakizieni hata elfu kumi, sitazimaliza. Hela inayobaki nunueni kispika, mkitie kwenye boksi mahali pa ile karatasi ya kunishukuru.

Na wewe msomaji unayetaka kuunga yako, ukifika dukani usiulize kama vinaingiana. Muulize muuzaji: BIOS iliyomo ni toleo gani, na prosesa huyu anaanzia toleo gani? Majibu ya swali la pili yapo kwenye tovuti ya waliotengeneza mazabodi, kwenye orodha ya prosesa wanaokubalika. Yaangalie kwenye simu hapo hapo kaunta, kabla hujatoa hela. Kama ina kile kitufe cha kusasisha bila prosesa, chukua, hata ikizidi bei. Akikujibu "bosi, hazina shida", mrudishie boksi lake mkononi. Kariakoo maduka ni mengi.